Kila Mpira Una Saa Ndani Yake

Wasee, tuanze na neno moja: mpira. Gor na Ingwe wakipatana uwanjani, huo ni mpira. Bomba la kumwagilia sukuma wiki, mpira. Ile kitu watu hununua kwa duka la dawa huku wakiangalia kando, mpira. Kamba nyeusi ambayo mtu wa boda anafungia gunia la viazi, hiyo pia ni mpira. Neno moja, kazi mia, kwa sababu hiki kitu kimeingia kila pembe ya maisha yetu.

Leo nataka tuongee juu ya mpira ambao hakuna mtu huupiga picha: ule uliokauka ndani ya pikipiki ya zamani. Mmeona vijana mtandaoni wakifufua pikipiki za babu zao. Wanapiga tangi rangi, wanang'arisha ekzosi, wanabandika taa mpya, muziki unachezwa nyuma. Safi kabisa. Halafu wiki ya pili injini inazima katikati ya Thika Road na watu wanaandika "pole bro". Mara nyingi shida haiko kwa chuma. Shida iko kwa pete ndogo nyeusi ya bei ya chai na mandazi. Na hiyo pete ina historia ndefu kuliko pikipiki yenyewe, historia ambayo ukiijua itabadilisha vile unashika spana.

Mimi niliingia hii story kupitia Yamaha AG100 ambayo mjomba wangu alitumia miaka ya 80 akizunguka vijijini kutibu ng'ombe. Hizo herufi AG zinatokana na neno la Kiingereza la kilimo. Ni pikipiki ya shamba: cheni imefunikwa yote ili matope yasiingie, na injini ni tu-stroki, ile inayochoma oili pamoja na petroli. Imekaa stoo miaka mingi. Tulipoifungua, pistoni ilikuwa nzima na silinda haikuwa na mkwaruzo. Lakini kila kitu cha mpira kilikuwa kigumu kama kwato.

Fundi wangu ni mzee ambaye alikuwa anafungua tu-stroki kabla mimi nizaliwe. Alichukua sili ya krenkishafti, yaani ile pete ya mpira inayozuia hewa isiingie na oili isipite, akaibonyeza na ukucha. Haikubonyea.

"Kijana, chuma hapa haijazeeka," akasema. "Hii ndiyo imezeeka."

"Si tuipake oili ilainike, mzee?"

"Oili italainisha nini? Hii imeiva ikapitiliza."

Alisema tu vile mafundi husema. Lakini hilo neno, imeiva, ndilo sahihi kikemia, na ndilo litatupeleka hadi Mexico, Marekani na Kongo kabla turudi hapa Nairobi.

Kabla mpira haujaiva

Mpira mbichi ni utomvu mweupe wa miti na mitambaa fulani. Watu wa Mexico na Amerika ya Kati waliujua zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Kule El Manatí, jimbo la Veracruz, wachimbaji wa mambo ya kale walitoa mipira ya kuchezea ya enzi hizo kwenye matope. Na hao watu hawakuwa wanatumia utomvu mtupu. Walichanganya maji ya mmea mwingine, aina ya ua linalotambaa na kuchanua usiku, na ule mchanganyiko ukawa unadunda na haukatiki ovyo. Kumbuka hiyo, kwa sababu vitabu vingi vya shule huanza hadithi ya mpira kana kwamba mzungu fulani aliamka asubuhi akaubuni.

Ulaya ilipopata mpira, ilipata mbichi. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alipewa hataza ya kitambaa chenye mpira katikati, na ndiyo asili ya yale makoti ya mvua ambayo Waingereza bado wanayaita kwa jina lake. Tatizo lilikuwa moja. Jua likiwaka, koti linanata kama gundi. Baridi ikija, linakuwa gumu kama bati. Mpira mbichi hauna msimamo.

Hapo ndipo anaingia Charles Goodyear, Mmarekani ambaye alikuwa anaingia na kutoka jela kwa sababu ya madeni. Alikuwa amepata kazi ya kutengeneza mifuko ya posta ya mpira, na ile mifuko ikaharibika kwa joto. Mtu mwingine, Nathaniel Hayward, alikuwa tayari anatumia salfa kwenye mpira, na Goodyear akaichukua hiyo njia akaendelea nayo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1839, kule Woburn, Massachusetts, kipande cha mpira chenye salfa kiligusa jiko la moto. Badala ya kuyeyuka, kiliungua kidogo pembeni na sehemu iliyobaki ikawa kitu kipya: inavutika, inarudi, na haijali joto wala baridi. Alipata hataza ya Marekani mwaka 1844. Uingereza, Thomas Hancock alikuwa ameshamtangulia kuomba ya kwake mwaka 1843. Goodyear alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni ya karibu dola 200,000. Na kampuni ya tairi yenye jina lake? Ilianzishwa mwaka 1898 na watu wengine, wakaazima jina tu.

Hii kazi ya kupika mpira na salfa iliitwa vulkanaizesheni, kutoka kwa Vulcan, mungu wa moto wa Waroma. Lakini mimi napenda neno la fundi wangu. Mpira unaiva.

Jiko halizimiki

Sasa skiza sehemu ambayo wengi hawaijui.

Chukulia mpira mbichi kama sufuria ya spageti. Molekuli zake ni nyuzi ndefu zinazoteleza, moja juu ya nyingine. Ukivuta, zinateleza na hazirudi. Salfa na moto vinafunga mafundo kati ya nyuzi. Mafundo machache yakiwekwa mahali pake, unavuta, unaachilia, na kila uzi unarudi ulikokuwa. Huo ndio mpira tunaoujua. Ukiongeza salfa nyingi sana, mafundo yanajaa hadi nyuzi hazina nafasi ya kusonga, na unapata kitu kigumu kabisa kinachoitwa eboniti. Zamani walikitengeneza makusudi, wakakitumia kwa kalamu za wino na midomo ya klarineti. Kwa hivyo ugumu si ugonjwa wa ajabu uliovamia mpira. Ulikuwa ndani yake tangu mwanzo, mbele kidogo tu kwenye njia ileile.

Na pikipiki inausukuma kwa hiyo njia kila siku. Joto la injini, oksijeni ya hewa, jua, ozoni, vyote vinaendelea kubadilisha nyuzi na kuongeza mafundo. Juu ya hapo, kiwandani huwa wanachanganya mafuta maalum ya kuufanya mpira uwe mlaini. Petroli inayafyonza polepole, mengine yanapotea hewani, na mpira unabaki umesinyaa. Mpira wa asili wakati mwingine huanza kwa kunata kabla ya kupasuka. Ule wa viwandani mara nyingi huenda moja kwa moja kwa ugumu.

Ndiyo maana "haijatembea sana" si sifa ukinunua pikipiki ya zamani. Pikipiki iliyokaa stoo miaka 20 bila kutembea hata kilomita moja haina mpira mpya. Ina mpira wa miaka 20. Saa ilikuwa inatembea hata kama magurudumu yalikuwa yamesimama.

Na ndiyo maana hakuna dawa ya kurudisha. Huwezi kuiva halafu ukaiviua. Yai la kuchemsha halirudi kuwa bichi.

Ulaini ulilipiwa na nani

Turudi kwa historia, kwa sababu hapa inakuwa nzito.

Mwaka 1885 Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach wa Ujerumani walitengeneza gari la magurudumu mawili lenye injini ya petroli, moja kati ya pikipiki za kwanza duniani. Magurudumu yake yalikuwa ya mbao yaliyozungushiwa chuma. Hebu fikiria kupanda hiyo kwa barabara ya mawe. Miaka mitatu baadaye, 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la hewa, wazo lililotokana na baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. (Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amelifikia wazo hilo miaka ya 1840, lakini soko halikuwepo.) Baada ya Dunlop, baiskeli zikawa homa. Mwaka 1894 kampuni ya Hildebrand & Wolfmüller ya Munich ikaanza kuuza pikipiki za kwanza kutengenezwa kwa wingi, na zilikuwa na tairi za hewa. Kila mtu Ulaya na Marekani alitaka mpira, na alitaka jana.

Mpira huo ungetoka wapi? Brazil, na pia kwetu. Misitu ya Afrika ilikuwa na mitambaa ya utomvu inayoitwa Landolphia. Mmoja wao ulipewa jina Landolphia kirkii, kwa John Kirk, balozi wa Uingereza kule Zanzibar. Unatoka ukoo mmoja na mbungo, ule wa matunda ya juisi ambayo watu wa Pwani wanayapenda. Miaka ya mwisho ya karne ya 19, mpira wa msituni ulikuwa bidhaa kubwa ya pwani ya kusini ya Tanzania ya leo.

Lakini kwa Kongo ndiyo ilikuwa jehanamu. Tangu 1885 hadi 1908 nchi hiyo nzima ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga huko. Vijiji viliwekewa kiwango cha mpira. Kisipofika, wanawake walishikwa mateka hadi waume zao walete, vijiji vilichomwa, watu walipigwa viboko na kuuawa. Askari walitakiwa kuonyesha kwamba risasi hazikupotea bure, kwa hivyo walileta mikono iliyokatwa. Wengine walikatwa wakiwa hai.

Aliyeshtuka kwanza kwa sababu ya hesabu alikuwa Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli ya Liverpool. Aliona meli zinafika Ulaya zimejaa mpira na pembe za ndovu, lakini zinarudi Kongo na bunduki na risasi, si bidhaa za kubadilishana. Biashara ambayo upande mmoja unatoa mali na mwingine unatoa risasi si biashara. Mwaka 1904 ripoti ya Roger Casement, balozi wa Uingereza kule Kongo, ilitoka, na picha za wamisionari kama Alice Seeley Harris zikazunguka dunia. Miaka minne baadaye Leopold alinyang'anywa.

Nachotaka mshike ni hiki: wale waendesha baiskeli wa London na Paris hawakuwa wanachukia Mkongo. Walitaka tu safari isiyotingisha mgongo, kwa bei nafuu, haraka. Gharama haikupotea. Ilihamishwa tu hadi kwa mtu ambaye hawamwoni.

Brazil nayo ilipoteza. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alisafirisha mbegu kama 70,000 za mti wa mpira kutoka Amazon hadi bustani ya Kew, London. Chini ya 3,000 zilichipua, lakini zilitosha. Miche ilipelekwa Asia, na kufikia 1913 mpira wa mashamba ya Malaya na majirani zake ulikuwa umeushinda ule wa msituni. Bei ilianguka, na walowezi wa Kijerumani waliopanda mpira Tanganyika wakaanguka nayo.

Mpira wa maabara

Kama historia ingeishia hapo, AG100 ya mjomba isingetembea hata wiki, kwa sababu mpira wa asili na petroli hawapatani. Petroli ikiingia, mpira wa asili unavimba na kuwa kama ugali uliokosa unga. Injini ilihitaji mpira mwingine.

Miaka ya 1930 ndiyo ulipatikana. Marekani, timu ya Wallace Carothers kule DuPont ilitoa neoprini. Ujerumani, wanakemia wa IG Farben walitoa aina walizoziita Buna, na moja kati yao ndiyo babu wa nitrili, mpira unaovumilia oili na petroli. Sili nyingi za pikipiki hadi leo ni nitrili.

Kisha vita. Mwanzo wa 1942 Japani iliteka Malaya na visiwa vya Uholanzi vya Indonesia ya leo, na Marekani ikapoteza karibu asilimia 90 ya mpira wake wa asili. Ikalazimika kujenga viwanda vya mpira wa maabara haraka haraka. Upande wa Ujerumani, IG Farben ilijenga kiwanda cha Buna karibu na Auschwitz, kwa kazi ya wafungwa wa kambi ya Monowitz. Maelfu walikufa, wengi wao Wayahudi. Hakuna hata kilo moja ya Buna iliyotoka pale.

Sisemi ukibadilisha sili una damu mikononi. Sivyo. Nasema hivi: mara mbili ndani ya miaka 50, watu wenye nguvu walitaka mpira bila kulipa bei yake, na wakamlipisha mwingine. Hiyo tabia ina toleo dogo. Na toleo dogo tunalo hapa kwetu.

Akala, tyubu, na mstari ambao hatufai kuvuka

Kwanza, tujipe maua. Wakenya tunajua kuishi na mpira. Tairi ikiisha inakuwa akala, na akala inatembea miaka mingine kumi. Tyubu ikipasuka inakatwa mikanda ya kufunga mizigo. Kipande kinakuwa bawaba ya mlango wa kuku. Ukienda Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, utapata mtu ambaye ukimpa sili iliyochakaa anaipima kwa macho, anaingia kwa boksi, anatoa ya saizi hiyo kutoka kwa mashine tofauti kabisa. Huo ni ujuzi. Hakuna chuo kinaufundisha, na wazee wanaoujua wanapungua.

Lakini akala ikikatika, unatembea peku hadi nyumbani. Mpira wa breki ukikatika, haufiki nyumbani. Hapo ndipo mstari ulipo, na ndiyo maoni yangu kwa hii post nzima: usiulize tu kama mpira unaweza kulainika. Uliza, ukifeli, nani atalipa?

Ukipanga mipira ya pikipiki ya zamani kwa hilo swali, unapata mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni ile ambayo ikifeli inakuudhi tu. Mipira ya kushikia usukani, ya kukanyagia, ya kuzuia tangi lisitetemeke, vifuniko vya waya. Hii unaweza kuibembeleza. Kuna mafuta yanayoitwa methili salisileti, ndiyo yanatoa ile harufu ya dawa ya kuchua misuli. Watu wa pikipiki za zamani huyachanganya na spiriti na kuloweka mpira ndani. Mpira unavimba kidogo, unalainika, unakubali kuingia mahali pake. Lakini elewa kinachofanyika: mafundo hayajafunguka. Umeingiza majimaji kati ya nyuzi, na yatatoka tena. Umenunua muda, hujanunua mpira.

Fungu la pili ni ile ambayo ikifeli inaua injini. Hapa kuna ule mpira unaounganisha kabureta na boksi la hewa, paipu ya petroli, na zile sili za krenkishafti. Kwa tu-stroki hizi sili ni roho. Ya upande wa magneto ikikauka, injini inavuta hewa ambayo haikupangiwa. Mchanganyiko unakosa petroli. Joto linapanda, pistoni inakwama. Dalili unaisikia: ukiachilia akselereta, injini inaendelea kupiga kelele badala ya kushuka. Ya upande wa klachi ikikauka, injini inanyonya oili ya giaboksi na kutoa moshi mweupe usioisha. Fungu hili halibembelezwi. Linabadilishwa.

Na kuna njia ya kubadilisha. Sili mpya ipakwe oili kwenye mdomo kabla ya kuingia, isiingie kavu. Upande wenye springi ndogo unaangalia kule kunakotakiwa kuzuiliwa. Usiigonge na bisibisi upande mmoja. Tafuta soketi au kipande cha paipu chenye upana wake, uisukume iingie sawasawa. Mpira wa kabureta ukikataa, uweke kwa maji ya moto dakika chache, upake maji ya sabuni, utaingia bila kuraruka. Na usijaze silikoni ya gasketi mahali panapopita petroli. Petroli inailainisha, inatoka vipande, na vipande vinaziba kabureta.

Fungu la tatu ni ile ambayo ikifeli inaua mtu. Tairi, paipu za breki, na vile vikombe vidogo vya mpira ndani ya breki za maji. AG100 ya mjomba ina breki za ngoma, lakini pikipiki nyingi za baadaye zina za maji mbele. Vikombe hivyo havitaki grisi ya kawaida wala oili ya injini. Vitavimba na breki itashika yenyewe au iache kushika. Ni mafuta ya breki peke yake. Na hapa hakuna kuloweka, hakuna kubembeleza, hakuna "itasukuma hadi mwisho wa mwezi".

Soma tarehe

Tairi inahitaji aya yake, kwa sababu ndiyo inatudanganya zaidi. Tairi iliyokauka inaweza kuwa na meno marefu, nyeusi, imepakwa mafuta inang'aa. Macho yanakuambia ni mpya. Lakini mpira mgumu haushiki lami, na mvua ya kwanza ya Aprili ndiyo itakuambia ukweli.

Kwa hivyo soma. Pembeni mwa tairi tafuta herufi DOT, halafu tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kampuni nyingi za tairi zinashauri isizidi miaka 10 tangu itengenezwe, hata kama haijawahi kugusa barabara. Muuzaji akisema "hii ni brand new, haijatumika", mwambie umeuliza tarehe, hujauliza kama imetumika. Hakuna haja ya kugombana. Unasoma tu.

Hii si ya wapenzi wa pikipiki za zamani peke yao. Boda zilianza na baiskeli kule mpakani Busia na Malaba miaka ya 60. Mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo na mitaa ikajaa. Zile zilizoingia wakati huo na bado ziko barabarani zimezeeka, na hazijakaa stoo. Zimekaa juani, stejini, kila siku. Nyingi zina mpira mgumu, na juu yake kuna mtu, mbele yake kuna dereva anayelipa mkopo, na nyuma kuna mtoto wa shule ameshikilia begi.

Mwenye pikipiki anayeambia dereva "endesha hivyo hivyo" hajaokoa pesa. Ameipeleka ile gharama kwa dereva, na dereva ameipeleka kwa abiria ambaye hajui hata kulikuwa na bili. Ni ile hesabu ya Morel, ndogo tu: mali inaenda upande mmoja, hatari inarudi upande mwingine.

Kwa hivyo, kama unafufua pikipiki ya zamani, anza na mpira kabla ya rangi. Andika orodha ya kila kipande cheusi, kipange kwa yale mafungu matatu, na bajeti ya fungu la tatu isiguswe na kromu. Kama una boda, piga magoti leo jioni usome zile tarakimu nne. Kama umepata fundi mzee anayejua mpira kwa kuubonyeza na ukucha, mlipe vizuri na umuulize maswali mengi, kwa sababu kichwani mwake kuna kitabu ambacho hakijaandikwa.

Na kama wewe ni abiria tu, una haki ya kuangalia tairi kabla ya kupanda. Ikiwa imepasuka pembeni mistari midogo midogo kama tope lililokauka, sema asante, subiri inayofuata.